Gunzi Kwenye Kipumulio

Kwa jirani zetu Wahaya, msimuliaji akifungua hadithi, wasikilizaji humwitikia kwa maneno yenye maana hii: ona, nasi tupate kuona. Niitikieni hivyo leo, wanangu, maana kitu ninachotaka kuwaonyesha hakina umbo wala rangi. Ni hewa. Tena ni hewa iliyofungiwa ndani ya tumbo la injini ndogo, chini ya pistoni, mahali penye giza na oili. Jicho halifiki huko mpaka injini ifunguliwe, na ikishafunguliwa, hewa yenyewe imekwisha kwenda zake.

Mimi niliijua kwa kuikosea.

Nilikuwa darasa la sita, hapa Ihembe. Siku hizo Kyerwa ilikuwa haijatengwa na Karagwe, jambo lililokuja mwaka 2012, na wilaya yetu ilikwenda mpaka Murongo, kwenye mpaka wa Uganda. Mjomba wangu alirudi kutoka Bukoba na mashine ya kukatia majani, imefungwa kamba juu ya keria ya basi kati ya magodoro na mabati. Watu walikuja kuitazama kama wanavyokuja kumtazama mtoto mchanga. Kwetu majani hufyekwa. Mtoto wa shule ya msingi huujua uzito wa fyekeo kabla hajaijua vizuri tebo ya saba, na uwanja wa mpira tuliufyeka darasa zima, tumejipanga mstari, migongo imeinama, jua likituchoma visogo. Sasa kilikuwa kimefika kitu chenye magurudumu manne kinachofanya kazi hiyo kwa mtu mmoja kukisukuma tu. Mjomba alishapiga hesabu zake: uwanja wa mpira, ua wa kanisa, nyumba za wageni za Kayanga. Kote huko wangemlipa.

Kwa asiyewahi kuiona mashine hiyo, fikiria karai kubwa la bati lililofunikwa kifudifudi juu ya magurudumu. Mgongoni mwa karai imekaa injini. Ndani ya injini mna chuma kizito kinachozunguka, mafundi wanakiita krenki. Katika pikipiki krenki hulala, lakini katika mashine hii husimama wima kama mchi ndani ya kinu. Ncha yake ya chini inatokeza kwa chini, ndani ya karai, na hapo ndipo kinapofungwa kisu kinachokata majani. Basi jiulize: kama ncha ya krenki inatokeza nje kwa chini, na ndani kumejaa oili, mbona oili haimwagiki? Kwa sababu pale inapotokea pamezungushiwa pete ya mpira iitwayo sili. Mdomo wa sili huikumbatia krenki kwa upole, ukiiacha izunguke na kuizuia oili isipite. Ushikeni huo mdomo wa sili akilini, maana ndio ulioumia.

Mashine ya mjomba ilikuwa na kasoro moja. Ubavuni mwake kulikuwa na kibomba cha mpira, urefu wa kiganja, ambacho kingepaswa kuungana na chombo cha kuchujia hewa, kile tunachokiita ea klina. Kilikuwa kimechomoka. Injini ikiwaka, kibomba kilitoa moshi mwepesi wa kijivu na matone ya oili, tone kwa tone, yakichafua karai. Mjomba alisononeka. Kila akiizima aliifuta kwa kitambaa na kusema, "Mashine nzuri hii, ila inavuja."

Nilimpenda sana mjomba wangu. Siku ya Jumamosi, tulipokuwa tunaandaa uwanja kwa mechi ya jioni, nikaona nimfurahishe. Nikachukua gunzi la hindi, nikalichonga kwa kisu likawa jembamba, nikalisukuma ndani ya kile kibomba na kulikaza kwa ukanda wa tyubu ya baiskeli. Mjomba alipovuta kamba, injini ikawaka. Moshi, hakuna. Tone, hakuna. Akanishika bega, akaniambia, "Mjomba, wewe utakuwa fundi." Kwetu mjomba na mpwa huitana hivyo, mmoja akimwita mwenzake mjomba, na siku hiyo neno hilo lilinikaa kifuani kama nishani.

Hazikupita dakika ishirini. Tulikuwa tumekwisha kata sehemu ya uwanja, tumefika kwenye eneo la penalti, nilipoanza kusikia harufu ya oili iliyoungua. Kisha nikaona majani yanang'aa. Kisu kilikuwa kinairusha oili pande zote chini ya karai, na nyasi zilikuwa zimelowa duara zima. Mjomba aliizima haraka. Alipochomoa kijiti cha kupimia oili, hewa ilitoka kwa kishindo kidogo, kama mtu aliyekuwa amezibwa mdomo. Kwenye kijiti, oili ilikuwa imebaki alama nyembamba tu. Dakika tano zaidi na injini ingekwama moja kwa moja, chuma kikisaga chuma.

Mjomba hakunigombeza, kwa kuwa hakujua kwamba gunzi ndilo chanzo. Aliinama, akatazama chini, akasema sili imekufa. Kesho yake asubuhi akaifunga mashine nyuma ya baiskeli, tukaisukuma mpaka Omurushaka kwa fundi wa mapampu na majenereta.

"Shikamoo, fundi," nilisema.

"Marahaba." Hakunitazama mimi. Alikuwa anaitazama mashine, na macho yake yalisimama kwenye ule ukanda wa tyubu. Mjomba alieleza kwamba sili imekufa na kwamba anaomba kubadilishiwa. Fundi akafungua ukanda taratibu, akalivuta gunzi kwa koleo, akaliweka juu ya meza mbele yetu kama mwalimu anayeweka ushahidi. "Mmeiziba pua," alisema, "halafu mnashangaa imetapika?"

Nikakiri palepale. Nilitaka kulia. Badala ya kunifokea, fundi aliniletea pampu ya baiskeli.

"Ziba tundu kwa kidole gumba. Sukuma."

Nikasukuma. Hewa ikakisukuma kidole changu, nikashindwa kuizuia, ikatoroka pembeni kwa mluzi. "Sasa vuta." Nikavuta mpini, na kidole kikanyonywa kidogo kwenye tundu. "Basi," akasema, "pistoni ni huo mpini. Watu wote hutazama juu ya pistoni, moto unakowaka. Nani hutazama chini yake?"

Ni kweli, wanangu, hata shuleni huchorwa sehemu ya juu tu. Petroli na hewa huingia, hubanwa, plagi hutoa cheche, moto husukuma pistoni chini, moshi hutoka. Hatua nne, kama alivyozifanikisha Mjerumani Nicolaus Otto mwaka 1876. Lakini pistoni ina upande wa chini pia. Chini yake kuna chumba chenye krenki na oili, mafundi wanakiita krankesi. Kila pistoni inaposhuka, chumba hicho hupungua nafasi na hewa yake hubanwa. Kila inapopanda, nafasi huongezeka na hewa hulegea. Injini yenye silinda moja haina njia ya kukwepa jambo hili. Ile yenye silinda nne ina nafuu, kwa kuwa pistoni mbili zikishuka mbili hupanda, na hewa husogea kutoka chini ya hizi kwenda chini ya zile. Ya silinda moja iko peke yake, inajivutia na kujisukumia.

Tupime ukubwa wake. Chukueni injini ya Honda GCV160, moja ya zile zilizofungwa kwenye mashine za kukatia majani. Pistoni yake ina upana wa milimita 64, karibu sawa na mdomo wa kikombe kidogo cha chai, na husafiri milimita 50 kutoka juu hadi chini. Zidisha eneo la duara hilo kwa mwendo huo, utapata sentimita za ujazo 160, ndizo hizo tunazoziita sisi 160. Hicho ndicho kiasi cha nafasi kinachopotea chini ya pistoni kila inaposhuka na kurudi kila inapopanda. Si nyingi, haijazi hata bilauri. Lakini mashine ikiwa kazini, krenki huzunguka kama mara 3,000 kwa dakika, yaani mara 50 kwa sekunde. Mara 50 kwa 160 ni 8,000. Lita nane kila sekunde! Ndoo ya lita ishirini ingejaa kabla hujamaliza kusema jina lako na la baba yako. Upepo wote huo unakwenda na kurudi ndani ya kitu unachoweza kukipakata.

Huo ni mvukuto, wanangu, na sisi wa mkoa wa Kagera tusingepaswa kuuonea ugeni. Babu zetu waliishi kwa mvukuto. Wahunzi walichukua chungu au kigogo kilichochongwa, wakakifunika kwa ngozi laini ya mbuzi, wakafunga fimbo katikati ya ngozi, wakaipandisha na kuishusha. Hewa ikasukumwa kwenye bomba la udongo hadi ndani ya tanuru. Karibu na Kemondo, kando ya Ziwa Victoria, yamechimbuliwa masalia ya matanuru ya chuma ya kale sana, ya karne za mwanzo baada ya Kristo, na mwaka 1978 watafiti Peter Schmidt na Donald Avery waliandika katika jarida la Science jinsi ufundi huo ulivyoweza kutoa chuma kigumu cha aina ya pua. Hapa Karagwe, ambapo mfalme, Mukama Rumanyika, aliwapokea wasafiri wa Kizungu Speke na Grant mwaka 1861, hazina ya kifalme ilikuwa na ng'ombe wadogo waliofuliwa kwa chuma. Nyuma ya kila ng'ombe mmoja wa chuma kulikuwa na mtu aliyekaa siku nzima akivukuta. Hilo huwa linanigusa kuliko hao ng'ombe wenyewe.

Sasa, mvukuto wa mhunzi na mvukuto wa injini inatofautiana mahali pamoja, na hapo ndipo penye siri. Mhunzi aliacha mwanya kati ya mdomo wa mvukuto na bomba la udongo, ili ngozi ikipandishwa hewa safi iingie kupitia mwanya huo na isirudi nyuma ikiwa na moto. Alitaka hewa mpya kila mara. Injini haitaki. Ingeachiwa tundu wazi, ingetoa na kuvuta lita nane kila sekunde, na kila ikitoa ingetoka na ukungu wa oili, na kila ikivuta ingeingiza vumbi. Mnalijua vumbi letu jekundu la kiangazi. Linaingia hata ndani ya sanduku lililofungwa. Lingeisaga injini kama jiwe la kusagia.

Kwa hiyo waundaji wa injini waliweka kilango. Ndani ya kipumulio, ambacho mafundi wengine wanakiita brida na ndicho kinachotoa hewa kwenye kile kibomba, mna kipande chepesi kama jani: katika injini nyingine ni duara dogo, katika nyingine ni ulimi mwembamba wa chuma. Pistoni ikishuka, hewa ikibanwa, kilango hufunguka na hewa iliyozidi hutoka. Pistoni ikipanda, kilango hujifunga kwa kunyonywa, na hewa ya nje hugonga mlango bila kufunguliwa. Fikirini mlango wa zizi unaosukumika kwa nje tu. Ng'ombe wanatoka mmoja mmoja, na hakuna anayerudi.

Itakuwaje baada ya mizunguko michache? Hewa ya ndani itakuwa imepungua. Pistoni ikiwa chini, msukumo wa ndani unakaribiana na wa nje. Ikiwa juu, wa ndani uko chini zaidi. Ukichukua wastani, tumbo la injini nzima linakuwa na msukumo ulio chini kidogo ya hewa ya nje. Na hewa ya nje si kitu cha kubeza. Kwenye usawa wa bahari, hewa hukandamiza kila sentimita moja ya mraba kwa uzito wa karibu kilo moja. Kwetu hupungua kidogo, maana hata uso wa Ziwa Victoria uko mita 1,134 juu ya bahari, na vilima vyetu viko juu zaidi ya ziwa. Hata hivyo inatosha. Hewa ya nje, ikiwa na nguvu kuliko ya ndani, inaisukuma oili irudi ndani kupitia kila upenyo: kwenye mdomo wa sili, kwenye gasketi, kwenye uzi wa bolti.

Rudieni kusoma sentensi hiyo, tafadhali. Mimi mwenyewe nilihitaji miaka kuielewa. Nilidhani sili ndiyo inayoizuia oili. Sili inasaidia, lakini mlinzi mkubwa ni hewa ya nje inayosukuma kuelekea ndani. Mpira ule mwembamba haukuumbwa kupigana vita. Umewekwa mlangoni kwa sababu vita vimekwisha tulizwa na kile kilango.

Na mimi nilikifungia kilango kwa gunzi.

Mtaniuliza, kama hakuna hewa inayoingia, hiyo inayotoka inatoka wapi? Swali zuri. Inatoka juu. Pistoni yenyewe haizibi silinda kabisa. Imevaa pete za chuma, ringi, kwa kawaida tatu, mbili za kubana moto na moja ya kukwangua oili. Hata zikiwa mpya kabisa, kila moto unapowaka juu ya pistoni, gesi kidogo hupenya pembeni mwa ringi na kushuka kwenye krankesi. Hakuna ringi duniani inayoziba kabisa. Injini ya hatua nne huwasha moto mara moja kila mizunguko miwili, kwa hiyo katika mizunguko 50 kwa sekunde kuna mioto 25. Tuseme kila moto unapenyeza sentimita moja tu ya ujazo, tone la hewa. Kwa dakika ni lita moja na nusu. Kwa zile dakika karibu ishirini tulizokata uwanja ni karibu lita 30, ndoo moja na nusu ya gesi ya moto, inasukumwa ndani ya tumbo lisilofikia hata ujazo wa jagi la maji, na mlango umezibwa kwa gunzi. Itatokea wapi? Itatokea palipo dhaifu, na palipo dhaifu ni mdomo wa sili. Ikitoka, inaichukua oili mkononi.

Fundi hakubadilisha sili kwanza. Jambo hilo mjomba hakulielewa, akaguna, maana alikuwa ameshanunua mpya na alikuwa na haraka. Fundi alitia oili, akaiwasha injini, akachukua kipande cha mfuko wa rambo na kukishika juu ya tundu la kutilia oili. (Mifuko hiyo ilipigwa marufuku nchini tangu Juni mosi 2019, na ni vema; siku hizi glavu ya zahanati inafanya kazi hiyo hiyo vizuri zaidi.) "Tazama," aliniambia. "Injini nzima ingeuvuta mfuko ndani. Injini iliyochoka ringi ingeuvimbisha kama puto." Mfuko ule haukufanya hili wala lile. Ulivimba na kunywea, ukavimba na kunywea, ukitetemeka haraka hata ukaonekana kama ukungu.

Akaizima. Akafungua bolti mbili ubavuni, penye kifuniko kidogo karibu na valvu, akatoa kikombe cha bati kilichojaa uchafu mweusi mzito kama lami. Humo ndimo kilimokuwa kile kilango. Kilikuwa kimegandishwa na uchafu, kimekaa nusu wazi, hakiendi mbele wala nyuma. Ndiyo maana, tangu ilipotoka Bukoba, mashine ya mjomba ilikuwa inatoa na kuvuta, ikirusha oili kwenye kibomba. Kile kilichomsononesha mjomba hakikuwa kuvuja. Kilikuwa ni kikohozi cha mgonjwa, nami nikamziba mgonjwa mdomo.

Fundi alikisafisha kikombe mpaka kikang'aa, akakipuliza kwa mdomo upande mmoja: hewa ikapita. Akanipa nivute upande huohuo: ulimi ukajifunga, sikupata kitu. Ladha ya petroli ilinikaa kinywani mpaka jioni, na siwashauri mfanye hivyo. Kuna pampu ya baiskeli. Baada ya hapo ndipo akafunga gasketi mpya, akaing'oa sili iliyopinduka mdomo, akaweka ile mpya.

Wakati anafanya kazi alikuwa akiongea, nami nilimeza kila neno. Alimwambia mjomba asijaze oili kupita alama akidhani anaihurumia injini, kwa sababu oili ikizidi krenki huipiga ikawa povu, na povu huja na hewa kwenye kipumulio. Alimwonyesha kunusa kijiti cha kupimia: kikinuka petroli, basi kabureta inavujisha petroli ndani ya oili, na hapo hakuna kuwasha tena mpaka imwagwe yote, maana mvuke wa petroli katika tumbo la moto ni hatari. Akasisitiza kijiti kifungwe vizuri na pete yake iwepo, kwa kuwa kikilegea hewa ya nje huingia kwa mlango wa nyuma na ule msukumo mdogo wa ndani hupotea.

Kisha akauliza jinsi mjomba anavyosafisha kisu. Mjomba akaonyesha: anailaza mashine upande wowote ulio karibu. Fundi akatikisa kichwa. Ikilazwa ea klina ikiwa chini, oili hutiririka kupitia kipumulio mpaka kwenye kichujio, na asubuhi ikiwashwa inafuka moshi mweupe mtaa mzima. Ilazwe ea klina ikitazama juu. Na kabla ya mkono kukaribia kisu, waya wa plagi uchomolewe. Hili la mwisho alilisema mara mbili, akinitazama mimi.

Kuhusu kibomba, alieleza kwa nini kinarudi kwenye ea klina badala ya kumwaga hewani. Gesi inayotoka tumboni ina petroli isiyoungua na ukungu wa oili. Ikirudishwa, injini inaivuta na kuichoma. Zamani magari yalikuwa na bomba lililoimwaga gesi hiyo barabarani tu, mpaka jimbo la California huko Marekani, lililokuwa likisumbuliwa na moshi mzito juu ya miji yake, likadai mwaka 1961 magari mapya yairudishe ndani. Mashine ya mjomba ilikuwa mtoto mdogo wa sheria hiyo.

Msije mkachukua maneno haya mkayapeleka kwenye kila injini. Ipo jamii nyingine ya injini ambayo krankesi yake ni mtumishi, na mnaisikia sauti yake porini: msumeno wa mnyororo, ule tunaouita chenso, na nyingi kati ya mashine za kufyekea zinazobebwa mgongoni. Hizo ni za hatua mbili. Kwazo, pistoni ikipanda huvuta petroli na hewa kuingia tumboni, na ikishuka huibana na kuisukuma ipande juu kupitia njia za pembeni. Mwingereza Joseph Day ndiye aliyeufikia mpango huo mwishoni mwa karne ya 19. Huko tumboni hakuna oili iliyokaa. Ndiyo maana oili huchanganywa na petroli yenyewe. Msimtafutie chenso kipumulio, hana. Sili yake ikichoka, hewa ya nje hunyonywa ndani, mchanganyiko unakuwa mwepesi mno, pistoni inapata joto na kukwama. Ni hewa ileile na kosa jingine kabisa.

Fundi alipomaliza, aliirudisha mashine chini, akaacha kibomba wazi kwa muda kabla ya kukiunganisha. Akaiwasha. Akaweka kipande cha rambo juu ya tundu la oili, na mfuko ukaingia ndani ukabaki umenyonywa, umekaza kama ngozi ya ngoma. Mjomba akacheka kwa sauti kubwa. Mimi fundi aliniita kwa kidole.

"Weka kiganja hapa."

Nikaweka kiganja mbele ya kibomba. Nilitegemea upepo. Kulikuwa na pumzi ndogo tu, za vuguvugu, fupi fupi, zikija upesi hata zikawa kama mguno mmoja kwenye ngozi yangu. Zilikuwa zinatoka. Nikasubiri zirudi, nikahesabu moyoni mpaka kumi, mpaka ishirini, na hazikurudi. Gunzi lilikuwa bado liko mezani. Fundi akalichukua, akalitupa kwenye moto uliokuwa unachemsha chai yake, akakivika kibomba kwenye ea klina.

Lile duara kwenye eneo la penalti halikuota nyasi mpaka masika ya pili.